Siku saba za kwenda Lamalera, kijiji cha wawindaji wa nyangumi kisiwani Lembata

Lamalera iko pwani ya kusini ya Lembata, kisiwa kilicho mashariki ya Flores katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur, Indonesia. Ramani za zamani hukiita kisiwa hicho Lomblen. Kijiji kimekaa juu ya mawe ya volkano, kwenye mteremko unaoishia majini, na anayepanda mahindi hapo hupoteza mbegu. Bahari yake ndiyo yenye riziki. Hakuna maji ya kina kifupi ya kwenda mbali: chombo kikishatoka ufukweni muda si mrefu kiko juu ya kilindi, na huko mbele Bahari ya Sawu ina vina vinavyopita mita 3,000. Nyangumi wa ambari, ambaye huzamia kilindini kufuata ngisi, hupita karibu kiasi cha kuonekana kutoka barazani.

Wengi wanaoisikia Lamalera huanza na picha ya mtu aliyeruka hewani na chusa mkononi. Ratiba hii inaanza kwingine: soko kwanza, kisha mabanda ya vyombo, bahari mwisho. Nyama ya nyangumi hapa huwindwa ili ipatikane mahindi, wala chombo kinachowinda si mali ya mtu mmoja. Anayefika baharini bila kuyajua hayo mawili ataona damu tu.

Msimu wa kuwinda, wenyewe huuita leva, ni Mei hadi Oktoba, miezi ya upepo wa kusini-mashariki, wakati ambao pwani yetu ya Afrika Mashariki hupuliza kusi. Siku za hapa zimefuata wiki, si tarehe, maana soko ni Jumamosi na Jumapili hakuna chombo kinachoshuliwa. Anayetaka kuona ufunguzi wa msimu afike kabla ya tarehe 29 Aprili, siku ambayo koo hukutana ufukweni kusema yaliyoharibika mwaka uliopita na kupatana. Jioni ya tarehe 30 huombewa waliofia baharini, na asubuhi ya tarehe 1 Mei husomwa misa mchangani, ndipo chombo cha kwanza kinaposhuliwa. Siku hizo nyumba za wageni hujaa.

Saa za huko zimetangulia za Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano. Laini ya simu inayoshika vizuri ni Telkomsel. Fedha taslimu zitolewe zote Lewoleba, mji mkuu wa Lembata, tena katika noti ndogondogo, kwa kuwa Lamalera hakuna mashine ya benki.

Siku ya kwanza, Jumatano: Maumere hadi Larantuka

Maumere, pwani ya kaskazini ya Flores, hufikiwa kwa ndege. Kutoka hapo hadi Larantuka ni kilomita 130 hivi za barabara ya lami yenye kona nyingi, saa nne kwa gari dogo la abiria, kidogo zaidi kwa basi. Anayetapika garini akae mbele na asile kitu kizito asubuhi.

Jambo la kuangalia njiani ni Lewotobi. Ni volkano pacha, "mume" na "mke", na barabara inapita chini yake kwenye eneo la Boru. Yule mume amekuwa akilipuka tangu mwishoni mwa 2023. Mlipuko wa Novemba 2024 uliua watu na kuhamisha vijiji vizima, na majivu yake yamefunga uwanja wa ndege wa Maumere zaidi ya mara moja. Indonesia ina ngazi nne za tahadhari: Normal, Waspada, Siaga na Awas. Ikiwa Siaga au Awas, uliza madereva asubuhi hiyohiyo kama njia iko wazi, usitegemee habari ya jana. Mvua nayo ina hatari ya pekee, kwani hushusha majivu na mawe kwenye makorongo, na daraja likizibwa hakuna njia ya mkato. Mwenye haraka aruke moja kwa moja kutoka Kupang hadi Lewoleba kwa ndege ndogo, chini ya saa moja hewani. Ataruka pia juu ya sehemu nzuri kuliko zote za njia hii.

Larantuka ni mji mwembamba uliobanwa kati ya mlima Ile Mandiri na mlangobahari. Ni mji wa Kikatoliki tangu enzi za Wareno, na maandamano yake ya Ijumaa Kuu huvuta watu wa Indonesia nzima. Lala karibu na bandari.

Siku ya pili, Alhamisi: Larantuka hadi Lewoleba kwa boti

Kuna boti za mwendo kasi na kuna boti za mbao. Ya mbao huchukua saa nne hivi, ni nafuu, na hubeba kila kitu: pikipiki, mchele, saruji, kuku. Ratiba hubadilika, basi fika bandarini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pikipiki hupakiwa darini. Usikae chini ya zilizofungwa vibaya. Mkondo wa mlangobahari wa Larantuka ni mkali mno maji yanapotoka na yanapoingia, na utaona nahodha akielekeza omo mbali na anakokwenda ili mkondo umrudishe njiani.

Ukishatoka mlangoni, Adonara iko kushoto na Solor kulia. Pwani ya Solor, mahali paitwapo Lohayong, kuna mabaki ya ngome ya mapadri Wadominiko wa Kireno iliyoanza kujengwa 1566. Fort Jesus ya Mombasa ilianza 1593. Zote mbili zilikuwa chini ya utawala uleule wa Goa, makao makuu ya Wareno huko India: ya Mombasa ililinda njia ya India, ya Solor ilikaa karibu na msandali wa Timor. Waholanzi waliiteka ya Solor 1613, Wareno na watu wao wakahamia Larantuka. Boti haisimami Lohayong, na toka baharini huoni mengi.

Unaikaribia Lewoleba ukiwa na mlima kushoto: Ile Ape, au Lewotolok, mita 1,423, nao pia u hai. Ulilipuka Novemba 29, 2020. Miezi minne baadaye, usiku wa Aprili 4, 2021, kimbunga Seroja kikamwaga mvua juu ya mteremko ule uliojaa majivu mapya, na tope na mawe vikafukia vijiji vya Ile Ape. Ndiyo sababu utakuta mitaa mipya ya nyumba zinazofanana kandokando ya mji.

Lewoleba ndio mji mkuu wa wilaya ya Lembata, iliyojitenga na Flores Mashariki mwaka 1999. Mambo ya kumaliza hapa ni matatu: fedha, dawa, na kuulizia gari la kesho. Mwislamu apate chakula chake hapa bila tabu, kwa kuwa migahawa ya halali ipo. Lamalera ni kijiji cha Kikatoliki na nguruwe huliwa. Mwambie mwenye nyumba mapema naye atakupikia samaki, mayai na mboga ya majani ya mlonge, ambayo huliwa kisiwa kizima.

Siku ya tatu, Ijumaa: barabara ya kusini

Gari la Lamalera ni lori lililowekwa bodi ya mbao na mabenchi, ndugu wa chai maharagwe za Unguja. Hushuka kutoka vijijini alfajiri kuja sokoni na kurudi mchana likiwa limejaa. Maana yake: ukilikosa la mchana, umelala Lewoleba siku nyingine, au ukodi pikipiki. Safari ni saa tatu hadi nne, ingawa kilomita hazifiki 60. Pikipiki ni ya haraka zaidi, lakini kuna sehemu za mawe matupu na miteremko ambapo abiria hushuka na kutembea. Mzigo wa mgongoni usizidi kilo kumi.

Keti upande wa ndani, si ukingoni. Funika pua kwa kitambaa wakati wa kiangazi, maana vumbi la volkano ni laini na hukaa kifuani. Njia hupanda hadi vijiji vya milimani kwenye ubavu wa mlima Labalekang, penye ubaridi, migomba na mashamba ya mahindi. Viangalie vizuri vijiji hivyo. Kesho utawakuta watu wake sokoni, na tangu zamani wao ndio wanaowalisha wa pwani.

Lamalera imegawanyika mbili, A juu na B chini ufukweni. Nyumba za wageni ni nyumba za watu: chumba, chandarua, maji ya kuoga kwa kata, na milo mitatu ndani ya bei. Ukifika, jitambulishe kwa mwenye nyumba na kwa ofisi ya kijiji kabla ya kushuka ufukweni na kamera. Mwanamume mzee huitwa Bapa au Bapak, mama mtu mzima ni Ibu au Mama.

Chakula cha kwanza utakachopewa huenda kikawa mahindi bapa, jagung titi. Kaa karibu na jiko uone yanavyotengenezwa. Mama hukaanga punje kavu kwenye chungu cha udongo bila mafuta. Kushoto kwake kuna jiwe bapa, kulia jiwe la mviringo linaloenea mkononi. Huchota punje mbili tatu za moto kwa vidole vitupu, huziweka kwenye jiwe, na kabla hazijapoa huzigonga mara moja. Pigo dogo halizibapishi, pigo kubwa huzisaga unga. Punje ikishapoa haibapiki tena, inapasuka. Ndiyo maana hangojei. Hukaa wiki nyingi bila kuharibika, kwa hiyo ni chakula cha baharini pia.

Siku ya nne, Jumamosi: soko la Wulandoni

Wulandoni iko mashariki ya Lamalera, ufuoni. Wanawake wa Lamalera huondoka mapema, wengine kwa gari, wengine kwa boti, wengine kwa miguu na beseni kichwani. Ondoka nao.

Ufike kabla ya saa nne asubuhi, ukae pembeni. Wa pwani hukaa upande wao na nyama kavu, samaki, chumvi na chokaa ya tambuu. Wa milimani hukaa na mahindi, ndizi, muhogo, viazi, popoo na majani ya tambuu. Watu hutembea, hutazama, hukubaliana kwa macho, lakini hakuna anayebadilishana kitu. Msimamizi wa soko hukusanya ushuru kwanza, ambao nao unaweza kulipwa kwa vitu, kisha hupuliza filimbi. Hapo ndipo beseni zinapofunguka, na biashara kubwa yote huisha upesi.

Hesabu ni ya sita. Fungu la vitu sita huitwa munga, na bei ya kawaida ni kipande cha nyama kavu chenye ukubwa wa kiganja kwa munga mbili, yaani mahindi 12 au ndizi 12. Bei hii hupanda na kushuka. Nyangumi wakiwa wengi, kipande huongezwa ukubwa. Mvua ikikosekana milimani, mahindi hupunguzwa. Lakini kinachobadilika mara nyingi ni ukubwa wa kipande, hesabu hubaki palepale. Katikati ya wiki wanawake huweza kupanda wenyewe milimani na mzigo kichwani kubadilishana nyumba kwa nyumba, na wengi wana familia moja katika kila kijiji wanayoishia kwake, uhusiano unaorithiwa na mabinti.

Fedha zipo sokoni pia: sabuni, betri, sukari na nguo hununuliwa kwa rupia, na kila mwaka eneo la fedha linaongezeka. Mgeni asije akaanza kununua nyama kavu kwa rupia nyingi eti awasaidie. Akina mama wanataka mahindi, na mahindi ya Jumamosi ndiyo chakula cha wiki.

Karibu hapo ni Labala, pwani ya Waislamu wenye historia yao ya uvuvi na ya biashara. Upande wa mashariki zaidi umesimama Iliwerung. Usiku wa Julai 18, 1979 ubavu wake mmoja uliporomokea baharini huko Waiteba, mawimbi yakaua zaidi ya watu 500.

Siku ya tano, Jumapili: mabanda ya vyombo

Misa asubuhi, kisha ufukwe umetulia. Ndiyo siku nzuri kuliko zote ya kutazama vyombo, kwa sababu vimo vyote bandani na wenyewe wana nafasi ya kuzungumza. Omba ruhusa kabla ya kuingia bandani, na usiruke juu ya kamba iliyolala chini.

Chombo chenyewe, kwa Kiindonesia paledang, kwa lugha yao ya Kilamaholot téna, kina urefu wa mita 10 hadi 12 na upana wa mita mbili hivi. Hakina msumari hata mmoja wa chuma. Anayejua mtepe wa Lamu na Pate ataelewa upesi, kwa kuwa ubavu hujengwa kwanza na mataruma hufuata, kinyume cha jahazi la sasa. Tofauti iko kwenye kuunganisha. Mtepe ulishonwa kwa kamba za kumbi. Paledang hufungwa kwa vijiti vya mti mgumu vilivyopigiliwa ndani ya unene wa mbao, ukingo kwa ukingo, hivyo kwa nje huvioni. Mbao hazipindwi kwa moto wala kwa mvuke. Kila ubao huchongwa tangu mwanzo katika mkunjo wake, na kwa ndani fundi huacha vinundu vya mti uleule vyenye tundu. Taruma linapowekwa, hufungwa kwenye vinundu hivyo kwa fito nyororo za mtambaa. Likikazwa, huvuta mbao zote pamoja. Likilegea, chombo kinanesa lakini hakivunjiki. Nyangumi akikipiga kwa mkia, ubao mmoja huenda ukapasuka, nao hutolewa na kuchongwa mwingine wa nafasi ileile. Kila ubao una mahali pake pasipobadilika, na fundi mkuu, atamola, anaukumbuka mpango wote bila karatasi. Kwa njia hii chombo hakizeeki kabisa: mbao zimebadilishwa zote vizazi na vizazi, jina na ukoo wake ni vilevile.

Tanga ni la mkeka, kama lilivyokuwa la mtepe. Husukwa kwa majani ya gebang, mti mkubwa wa huko wa jamii ya mnazi, katika vipande vidogo vya mraba vinavyoshonwa pamoja. Mkeka ni mwepesi na hauozi upesi kwa chumvi, ila ukilowa mvua huwa mzito, basi mawingu yakija hukunjwa. Mlingoti ni wa miguu miwili, nao hulazwa wakati wa kuwinda.

Omo inaendelea mbele kwa jukwaa la mianzi, hamololo, lenye urefu wa mita mbili hivi juu ya maji. Hapo husimama lamafa, mrusha chusa. Nyuma yuko lamauri mwenye kafi la kuongozea. Katikati wapiga makasia, na mmoja karibu na lamafa wa kumpa chusa na kutazama kamba.

Kamba kuu, ambayo kwa lugha yao huitwa "leo", husokotwa kwa pamba, maganda ya mtakawa na nyuzi za gebang, kisha hutiwa rangi ya magome ili isioze. Haikai bandani, hulala katika nyumba kuu ya ukoo na hutolewa kwa heshima. Kuikata kamba hiyo baharini ni jambo la mwisho kabisa, na ukoo unaoikata una maswali ya kujibu ukirudi.

Kila chombo ni cha ukoo, na kila nyangumi ana ramani ya mgawo inayojulikana kabla hajakatwa: fungu la lamafa, la mabaharia, la fundi wa chombo, la mfua chuma, la waliotoa tanga, la wenye ardhi. Wajane na wazee hawatoki mikono mitupu. Mgawo ukikosewa ugomvi huanza, na wao wanaamini ugomvi wa nyumbani ndio unaomfanya nyangumi atoroke. Lamafa aliyegombana na mkewe au nduguye hutakiwa apatane kabla ya kushua.

Siku ya sita, Jumatatu: baharini

Vyombo hushuliwa asubuhi na mapema juu ya magogo, kwa watu wengi na wimbo. Mgeni akikubaliwa, hulipa ada iliyopatanwa na chombo chenyewe, siyo na dalali, na hukaa katikati mahali atakapoonyeshwa. Vaa mikono mirefu na kofia ya kufunga kidevuni. Meza dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, maana paledang ikisimama kusubiri huyumba vibaya kuliko ikienda. Leta maji yako lita mbili. Mguu wako usikae kamwe ndani ya duara la kamba.

Siku nyingi hakuna kitu. Kuna miaka ambayo nyangumi wa ambari wanaopatikana hawafiki kumi, na miaka inayozidi ishirini. Kinachojaza siku ni samaki wakubwa aina ya taa, pomboo, papa na mola, yule samaki wa mviringo anayeota jua juu ya maji. Siku hizi boti ndogo za injini, zinazoitwa jonson kwa jina la injini, ndizo zinazowafuata hao wenye mbio, na pia huzikokota paledang hadi karibu na nyangumi kisha zinaziachia.

Nyangumi wa ambari, koteklema, hutambulika kwa pumzi yake: tundu lake liko mbele upande wa kushoto, hivyo mvuke hulala mbele kwa mshazari. Nyangumi wasio na meno hupumua wima juu, na hao hawaguswi. Nyangumi wa buluu ni mwiko, kwa kuwa katika masimulizi yao ya kuhama kutoka upande wa Sulawesi ndiye aliyewasaidia wahenga baharini.

Akionekana kutoka nchi kavu, kelele ya "Baleo!" hupokezanwa hadi milimani na kila mtu huacha anachofanya. Akionekana baharini, tanga hushushwa, mlingoti hulazwa, na makasia huanza. Lamafa husimama kwenye ncha ya mianzi na upondo wa zaidi ya mita nne wenye chuma cha ndoano kichwani. Harushi kwa mkono tu. Huruka na upondo, uzito wa mwili wake ukizamisha chuma kupita mafuta mazito ya ngozi. Chuma kinabaki, upondo unaelea, yeye anaogelea kurudi.

Kinachofuata ndicho chenye hatari. Kamba hutoka kwa kasi na humwagiwa maji isiunguze mbao. Ikijifunga kwenye kifundo cha mguu au mkono, inakata. Wapo wanaume kijijini waliopoteza viungo hivyo. Nyangumi akizama wima badala ya kukimbia, omo huvutwa chini na maji huingia kuliko wanavyoweza kuyafua. Akikimbia, hukokota chombo mbali na nchi. Machi 1994 nyangumi aliwavuta wawindaji hadi Lembata ikapotea machoni, vyombo vikaharibika, na mabaharia wakaelea siku kadhaa upande wa Timor kabla ya kuokotwa na meli ya watalii. Ndiyo maana vyombo havitoki peke yake, na chusa la pili na la tatu hutoka kwa vyombo vingine. Dume kubwa la peke yake ndilo linaloogopwa. Majike hupatikana kwa kundi.

Kisheria mambo hayakunyooka. Indonesia si mwanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na uwindaji huu wa kujikimu umeachwa uendelee. Miaka ya 1970 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilileta chombo cha kisasa na mtaalamu wa Norway. Mradi ukafa, chusa likabaki. Serikali ilipopanga hifadhi ya Bahari ya Sawu, watu wa Lamalera walipinga na maji yao yakaachwa nje. Taa wakubwa aina ya manta, hata hivyo, wamelindwa na sheria ya nchi tangu 2014, na hapo kuna mvutano kwa sababu manta ndiye aliyekuwa akijaza sufuria nyangumi anapokosekana. Hoja ya pande zote mbili ina uzito, ila anayesema "wafuge kuku" hajaliona shamba lao.

Nyangumi akiletwa, kukatwa kwake huweza kuchukua siku mbili, kufuata maji kujaa na kupwa. Nyama hukatwa mikanda na kuanikwa kwenye mianzi mbele ya nyumba, na chini yake huwekwa mianzi iliyopasuliwa ya kukinga mafuta yanayodondoka. Mafuta hayo ni ya taa na dawa ya kuchua. Harufu hukaa wiki. Picha hupigwa kwa ruhusa. Wakati wa kugawa, weka kamera chini.

Siku ya saba, Jumanne: kurudi

Lori huondoka Lamalera usiku wa manane au alfajiri, na dereva hutaka kujua abiria wake tangu jana yake. Hufika Lewoleba asubuhi, mapema vya kutosha kuwahi boti ya Larantuka. Kwa ndege ya siku hiyohiyo acha nafasi kubwa, na miezi ya mvua usijaribu kabisa.

Ya kununua ni vitambaa. Nyuzi za pamba hufungwa kwa vipande vya majani kabla ya kutiwa rangi, ili mchoro wa chombo, nyangumi au taa uwepo ndani ya uzi kabla haujafumwa. Nyekundu hutoka kwenye mizizi ya mti uitwao mengkudu, buluu kwenye nili. Nguo ya rangi za asili na uzi wa kusokotwa kwa mkono ni nzito, rangi yake imepoa, na upande wa nyuma unasomeka sawa na wa mbele. Ya rangi za dukani hung'aa. Zote ni halali kuuzwa, bei tu ndizo zisilingane.

Meno na mifupa ya nyangumi, pamoja na pete zilizochongwa humo, viache. Nyangumi wa ambari yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na pete inayouzwa bila kificho ufukweni itakamatwa forodhani, Denpasar au huko unakoshukia.